Betri katika Chumba cha Heshima

Kwa Axenia kila yai huandikwa mara mbili. Mwenye mayai huyaleta yakiwa tayari yana herufi ya jina lake kwa penseli, ndivyo tunavyofanya hapa kijijini Valea Socului ili vifaranga wasichanganywe. Mgeni akishaondoka, Axenia hufunga mlango, hugeuza yai moja moja, na upande wa chini huweka nukta ndogo ya mkaa. Siku moja nilimuuliza nukta hizo ni za nini.

"Mtu asije akaniletea mayai mabovu ya nyumbani kwake akasema ndiyo niliyomrudishia," akasema.

"Nani atafanya hivyo?"

"Sijamjua bado. Ndiyo maana naweka nukta."

Ni jirani yangu, mjane wa miaka hamsini na tisa. Mimi hujenga majiko, yale makubwa ya matofali yanayopasha nyumba nzima, na jiko la jikoni kwake ni kazi ya mikono yangu. Mimi si mtu wa maneno. Nadhani ndiyo sababu hunivumilia.

Machi ya mwaka juzi upepo uliangusha nguzo kati yetu na mji wa Nisporeni, tukakaa saa kumi na nane bila umeme. Mashine ya Axenia ya kutotolesha huchukua mayai mia tatu na kumi na mawili, na siku hiyo ilikuwa imejaa mayai ya nusu ya kijiji. Tuliyatoa, tukayafunga kwenye blanketi, tukayalaza juu ya jiko kama wagonjwa. Yaliyoanguliwa ni arobaini na moja.

Dukani kwa Minodora pakasemwa kwamba vifaranga walikuwepo, ila waliuzwa sokoni Nisporeni. Hakuna aliyemwambia Axenia usoni.

"Wananisalimia vizuri mno," aliniambia. "Zamani walikuwa wananisalimia ovyo. Sasa wananisalimia kama mkwe wao."

Mwaka jana hakuna aliyeleta mayai zaidi ya mimi na mama mmoja kiziwi. Vuli ilipofika, Axenia aliuza ng'ombe wake wa pili akasema atanunua kitu cha kumwendeshea mashine umeme usipokuwepo. Atajaribu mwaka mmoja tu. Mayai ya watu yakiharibika tena, atafunga mashine aende Italia kuogesha wazee wa watu, kama wenzake wengi walivyofanya. Binti yake yuko huko na amemtafutia nafasi. Alisema hayo huku akitazama bustani yake ya zabibu, nami nikajua hataki kwenda.

Wa kwanza kuja alikuwa shemeji yake, Pamfil, ndugu wa marehemu mume wake. Alileta betri nne za lori kwenye mkokoteni, zimepanguswa zikang'aa.

"Shemeji, hizi zimetoka kwenye lori la jeshi," akasema. "Zitazikwa na wajukuu zako."

"Zimezeeka kiasi hicho?"

"Nimesema zitadumu, shemeji."

"Jeshi liliziachia nini, kama zinadumu?"

Pamfil akacheka, akaangalia upande wangu nimsaidie. Niliangalia viatu vyangu. Axenia akainama akazinusa, akarudi nyuma.

"Ukilala chumba kimoja nazo usiku mmoja, wewe na mke wako, milango imefungwa, nitazinunua."

"Shemeji, hizo zinatoa hewa ya asidi. Haziwekwi chumbani."

"Na vifaranga wangu wavute hewa gani?"

Hata hivyo alimwambia aziunge kwenye mashine kwa majaribio. Zilishika saa mbili na dakika kumi, kisha taa ya mashine ikaanza kufifia. Pamfil akasema zilikuwa na baridi. Axenia akamsaidia kuzipakia kwenye mkokoteni, na kwa miezi mingi baada ya hapo hawakusemeshana.

Nilimtajia jenereta. Akasema jenereta inampigia mwizi kelele kwamba hapa kuna mali, na inataka mtu wa kuitia mafuta kila baada ya saa chache. Halafu akataja paneli za Minodora. Minodora alifunga paneli za sola juu ya paa la duka, kumi na mbili, akajisifu kijiji kizima. Umeme ulipokatika, duka likawa giza kama maduka mengine, na jua linawaka juu.

"Huoni?" Axenia akasema. "Sola ni uongo. Au Minodora ni mwongo. Mojawapo."

Ndipo akaja fundi Eremia, kutoka mjini, mtu mpole wa miaka thelathini na kitu, mwenye daftari. Axenia alimmiminia glasi ya divai, maana hapa kwetu hakuna kazi inayoanza bila hiyo. Eremia akasema asante mama, naendesha gari. Axenia aliitazama ile glasi iliyojaa kwa muda mrefu.

"Mama, niambie kitu kimoja," Eremia akaanza. "Umeme ukikatika, kitu gani ndani ya nyumba hii hakiruhusiwi kuzimika?"

"Kwa nini unataka kujua nilicho nacho?"

"Ili nisikuuzie betri ya kupikia wakati unataka betri ya mayai."

Akamjibu kwa kubana maneno: mashine, taa moja, friji. Pasi hapana. Pampu ya kisima hapana, maji atachota kwa ndoo. Eremia akachomeka kipimo kidogo kati ya mashine na soketi, akakiacha hapo siku nzima. Alipoondoka, Axenia alikifunika kipimo kwa kitambaa, eti kisije kikaona ndani.

Kesho yake fundi alipiga hesabu mbele yetu. Akasema mashine hailambi umeme wakati wote, huwaka na kuzima, na kwa siku moja pamoja na friji na taa hutumia karibu yuniti nne. Betri ya yuniti tano ingemtosha siku nzima bila jua lolote, na paneli sita juu ya banda zingeirudishia jua likitoka. Ilikuwepo na ya yuniti kumi, lakini hakuona sababu.

"Subiri," Axenia akasema. "Kubwa hutaki kuniuzia?"

"Huihitaji, mama."

Fundi alipotoka kwenda kupima paa, Axenia akaniegemea sikioni. "Trofim, muuzaji gani anamwambia mtu anunue kidogo? Huyu ana jambo."

Fundi aliporudi, Axenia akamuuliza kuhusu paneli za Minodora. Eremia akasema paneli kama zile zimefungwa kufuata umeme wa nguzo. Nguzo zikizimika, nazo hujizima, zisije zikarudisha umeme kwenye waya zikamuua fundi aliye juu. Ili nyumba ibaki na mwanga, lazima pawe na betri na kifaa cha kuitenga nyumba na nguzo.

"Kwa hiyo alinunua bila kujua," Axenia akasema.

"Pengine hakuambiwa."

"Au aliambiwa akaangalia bei." Hapo ndipo nilipomwona anatabasamu, mara ya kwanza wiki ile.

Akachagua ile ya yuniti tano. Haikuwa ya asidi, ilikuwa ya aina ya lithiamu, ambayo Eremia alisema haitoi hewa na inaweza kukaa ndani na watu. Likabaki swali la mahali. Fundi alichora kwa chaki ukuta wa jikoni, mbali kidogo na jiko. Axenia akaifuta chaki kwa aproni yake.

"Jikoni ndipo watu wanapoleta mayai. Kila mmoja ataiona. Kesho yake haipo."

"Basi popote ndani, mama, mradi pakavu na pasipo na baridi kali. Nje hapana, bandani hapana."

"Itakaa chumba cha heshima."

Hapa kwetu hakuna nyumba isiyokuwa nacho. Ndani yake hukaa mazulia ya kutundika ukutani ambayo mke alikuja nayo alipoolewa, mito iliyopangwa hadi darini, sanamu za watakatifu, vyombo visivyotumiwa. Hakuna anayelala humo. Hufunguliwa kwa harusi, kwa ubatizo na kwa maiti. Kitu cha thamani kikiingia katika nyumba, mahali pake ni pale, na betri ile ilikuwa na thamani ya ng'ombe. Hakuna mtu wa kijiji hiki ambaye angeiweka kwingine.

Eremia alivua viatu akaingia. Ilikuwa Oktoba, jua linaingia dirishani, chumba kina uvuguvugu. Akaona jiko kwenye kona.

"Humu mnawasha moto?"

"Jiko si hilo? Au huoni?" Axenia alijibu kama mtu aliyetukanwa.

Jiko lile nililijenga mimi miaka kumi na moja iliyopita. Liliwashwa mara moja tu, siku niliyolijaribu. Baadaye Axenia aliniomba nilizibe bomba la moshi kwa gunia ili masizi yasidondokee mazulia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na hayo yote nayajua. Sikusema. Nilijiambia mambo ya betri ni ya fundi, na mambo ya chumba ni ya mwenye chumba.

Kazi ilipokwisha, Eremia akashusha meinswichi. Taa ikapepesa, ikabaki inawaka, na feni ya mashine ikaendelea kuvuma. Axenia alitoka nje hadi kwenye mita ya umeme, akaikodolea macho kuona kama imesimama kweli, kisha akauzunguka ukuta wote wa nyumba akitafuta waya uliofichwa. Aliporudi akasema, "Ishushe tena." Akaishusha. Mara ya tatu Axenia akaishusha mwenyewe.

Mayai yalianza kuja Februari. Sijui kama ni betri iliyowarudisha watu au ni hamu ya kuja kuiona, kwa sababu kila mmoja aliuliza iko wapi, naye Axenia alimjibu kila mmoja, "Ipo." Hata Minodora alileta thelathini. Mashine ikajaa.

Siku ya tisa ya mayai ndani ya mashine, baridi kali ikashuka. Theluji ilianguka mchana na usiku, na Jumanne adhuhuri umeme ukakatika. Mashine haikutikisika. Axenia alikuja uani kwangu kunitangazia, akijaribu kutoonyesha furaha.

Jumatano asubuhi alirudi, na uso ulikuwa mwingine.

"Inashuka," akasema. "Jana ilikuwa themanini. Sasa ni kumi na tisa."

"Theluji imefunika paneli."

"Nimeifagia tangu saa moja. Jua linachoma macho. Mashine inaendeshwa na jua, hilo naliona kwenye kioo cha inveta, kile kifaa alichokifunga fundi. Lakini betri haipandi hata namba moja. Imekaa kumi na tisa kama imepigiliwa misumari. Jua likizama, itanifikisha saa tatu au nne za usiku, basi. Mayai mia tatu na kumi na mawili, Trofim."

Tulikwenda. Njiani alinieleza nani kafanya. Kwanza Eremia, aliyemwuzia betri iliyotumika na kuipaka rangi. Halafu Pamfil, aliyepanda bandani kukata waya kwa kisasi cha betri zake za lori. Hapo alisimama, akaangalia theluji kuzunguka banda kutafuta nyayo za Pamfil. Zilikuwepo zake mwenyewe na za paka. Halafu Minodora, ambaye usiku dirishani kwake kulikuwa na mwanga.

"Ulikuwa mshumaa," nikasema.

"Ndivyo unavyoona wewe."

Alimpigia Eremia simu, akaweka sauti juu ili niwe shahidi.

"Umeniuzia nini?" akamuuliza.

"Mama, barabara imefungwa, siwezi kufika leo. Niambie, kuna taa ya njano kwenye betri?"

"Ipo. Uliijuaje?"

"Chumba kina joto kiasi gani?"

"Ni chumba kizuri kuliko vyote katika nyumba hii."

"Sikuulizi uzuri, mama. Joto."

Axenia akakata simu. "Umesikia? Nimemuuliza betri, ananijibu hali ya hewa. Anatafuta pa kutokea."

Nikamwomba anifungulie. Alitoa funguo shingoni, akafungua kufuli mbili, akanikumbusha viatu. Niliingia kwa soksi. Sakafu iliniuma nyayo kama chuma, na pumzi yangu ikatoka nyeupe. Betri ilikuwa ukutani, kati ya mito na watakatifu, Axenia amekwisha kuifunika kitambaa cha kutarizi. Nyuma ya sanamu palikuwa na chupa ya maji ya baraka aliyoyaleta kutoka kanisani Januari. Niliishika. Ilikuwa imepasuka toka shingoni hadi chini, na maji yamesimama peke yake, barafu yenye umbo la chupa.

Nilimpa aishike.

"Nani ameivunja?" akasema.

"Baridi, Axenia. Humu ni baridi kuliko nje kwenye jua. Mpigie tena umwambie ukweli. Mwambie jiko haliwashwi."

Alinitazama kama nimemvua nguo. Lakini akapiga. Eremia akasema betri haina ubovu. Aina ile ikiwa chini ya baridi ya barafu hutoa umeme, lakini hukataa kupokea, kwa sababu ikipokea itaharibika ndani. Inajilinda. Kipasheni joto chumba, polepole, msiilete motoni. Ikipata joto itafungua mlango yenyewe.

"Niliuliza kama mnawasha moto humo," akasema.

"Uliuliza," Axenia akasema, akakata.

Nikamwambia nitawasha jiko. Itabidi mazulia ya ukutani yashushwe, mito itolewe, na gunia litoke kwenye bomba, na masizi yatadondoka.

"Trofim," akasema, na macho yake yalikuwa madogo. "Miaka kumi na moja unatamani kuliona jiko lako likiwashwa."

Sikukataa, maana ilikuwa kweli. Nikamwambia, "Saa nne sasa. Jua linazama saa kumi na moja na nusu."

Alisimama katikati ya chumba. Mazulia yale aliyafuma na mama yake kwa majira ya baridi matatu. Mume wake alilazwa humo siku tatu kabla ya kuzikwa. Alitazama ukuta, akatazama kitambaa kilichofunika betri, kisha akapanda kwenye kiti na kuanza kung'oa misumari ya zulia la kwanza.

Gunia lilitoka na ndege mkavu na ndoo nzima ya masizi. Moshi wa kwanza ulijaza chumba, tukafungua madirisha tukikohoa, na baridi ikaingia upya. Halafu bomba likavuta. Nililisha jiko kuni za mshita, kidogo kidogo, nikiweka mkono wangu kwenye ubavu wa betri kama mtu anayepima homa ya mtoto. Axenia alikuwa anatoka kwenye mashine kuja kwenye betri, kwenye betri kwenda kwenye mashine. Kila aliporudi alisema, "Kumi na tisa." Ilipofika saa sita akasema, "Fundi ananidanganya tena." Saa saba akaketi kwenye kiti cha wageni, kiti ambacho sijapata kumwona mtu akikikalia isipokuwa padri.

Ilipopita saa saba na nusu, kitu kikalia ndani ya betri, mlio mdogo kama wa kufuli. Taa ya njano ikawa kijani.

"Ni wewe umegusa?" akaniuliza.

"Sikugusa."

Ishirini. Ishirini na tatu. Alisimama mbele ya namba zile mpaka jua lilipozama, akizisoma kwa sauti, na zilipofika hamsini na nane zikasimama. Akazima friji akatoa nyama akaiweka nje kwenye theluji. Asubuhi mashine ilikuwa bado inavuma, na Alhamisi adhuhuri umeme ukarudi.

Eremia alifika Ijumaa, barabara ilipofunguliwa. Alitaka kuihamishia betri jikoni, bila malipo. Axenia akakataa, akasema sasa chumba kina moto. Akamwamuru ashushe meinswichi mbele yake, mara mbili. Divai hakumpa. Alimfungia chupa mbili kwenye gazeti, akamwambia akanywe akifika, na ampigie simu aseme ilikuwaje, ili ajue kama kweli aliinywa.

Siku ya ishirini na moja mayai yalianza kugonga. Walitoka vifaranga mia mbili na sitini na wanane. Mahali penye joto la kuwakaushia palikuwa chumba cha heshima, basi tukatandika magazeti sakafuni, chini ya kuta zilizokuwa na mazulia, na watu wakaja kuchukua wa kwao, wamevua viatu, wakinong'ona kama wako kanisani. Minodora alipokea ishirini na sita. Aliitazama betri ukutani, akaitazama tena.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Ndogo hivi, dada Axenia?"

"Kwa mayai inatosha. Ya duka ni nyingine. Nikupe namba ya fundi?"

"Ni mtu wa kuaminika?"

"Hapana," Axenia akasema. "Lakini hajaniibia bado."

Aliyachukua maganda yote, akahesabu nukta za mkaa, zikatimia. Jioni ile alimwandikia binti yake Italia kwamba nafasi ile wampe mtu mwingine. Aliniambia mwenyewe, huku akiniuliza kama kuni za mshita ninazo za kutosha kumuuzia.

Pamfil alikuwa ameleta mayai ishirini kupitia kwa mke wake, bila kutaja jina, lakini herufi zilikuwa mwandiko wake. Walianguliwa kumi na saba. Axenia alimpelekea kumi na tisa, wawili wakiwa wa kwake mwenyewe, na hakupeleka neno lolote pamoja nao. Niliwabeba mimi, nikamwambia walioanguliwa kwenye mayai yake ni kumi na saba. Pamfil akawahesabu ndani ya boksi, akawahesabu tena, akaniangalia.

"Trofim," akasema. "Huyu mwanamke anataka nini?"